Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Jimbo la Lualaba: mtoto asiyekunywa maziwa

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni mama, mkaaji wa Manika, hapa Kolwezi. Mtoto wangu ana miaka miwili, na akionja maziwa ya ng'ombe au karanga midomo humvimba. Sikuandikii kuomba pesa za matibabu.

Siku ya kupima kilo, ushauri kuhusu mifupa na meno huwa ule ule: mpe maziwa. Ukisema yanamdhuru, utaambiwa ujaribu ya mbuzi, wakati watoto wengi wenye mzio wa maziwa ya ng'ombe hudhuriwa na ya mbuzi vilevile, kwa kuwa protini zake zinafanana. Na mtoto wa namna hii akidhoofika sana, dawa iliyozoeleka ni Plumpy'Nut, yaani karanga na maziwa ya unga katika kifuko kimoja! Muuguzi asipouliza kwanza, anaweza kumdhuru mtoto kwa nia njema kabisa.

Kwa viwango vya WHO na FAO, mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu anahitaji miligramu 500 za kalsiamu kwa siku. Kikombe cha maziwa cha mililita 250 humpa karibu 300. Kikombe hicho kikiondoka, hunibakia bukari (ugali wetu), usio na kalsiamu ya kutajwa, na lengalenga (mchicha), yenye kalsiamu nyingi ambayo sehemu kubwa hufungwa na oksalati iliyomo kwenye majani hayo na kupita tumboni bure. Wengine hututuliza kwamba jua letu linatosha. Halitoshi. Mwaka 1999 watafiti waliofanya kazi Jos, Nigeria, walionyesha kwamba watoto wenye matege ya ugonjwa wa mifupa, wanaocheza juani kila siku, walikosa kalsiamu: chakula chao kiliwapa kama miligramu 200 tu kwa siku. Walipopewa kalsiamu walipona vizuri kuliko waliopewa vitamini D peke yake.

Hapa Kolwezi kuna jambo la kutisha zaidi. Mwili wa mtoto uliopungukiwa kalsiamu hunyonya madini ya risasi kwa wingi, kutoka kwenye vumbi na kwenye chakula. Mwaka 2009 Célestin Banza wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha vipimo vya mkojo wa watu wa Katanga wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya kuyeyushia madini. Walikuta kobalti nyingi, na pamoja nayo risasi, kadmiamu na urani. Mwaka 2018 wakarudi na matokeo ya Kasulo, mtaa wa hapa Kolwezi ambao watu walichimba hadi chini ya nyumba zao, na watoto wa huko walikuwa na kobalti kupita kiasi. Watoto hao ndio tunaowaacha bila kalsiamu.

Kwa mtoto asiyedhuriwa na samaki, ndakala, samaki wale wadogo, ndiye mkombozi. Akikaushwa na kusagwa mzima na mifupa yake, gramu 100 zina zaidi ya miligramu 1,000, na unga wake huingia kwenye uji bila shida. Lakini ndakala wa wapi? Kalsiamu imo kwenye mifupa, na risasi nayo hukaa mifupani. Sokoni mafungu hupangwa bega kwa bega, huyu wa Ziwa Tanganyika, yule wa Ziwa Moero, mwingine wa Nzilo, ziwa lililo jirani na migodi yetu, na anayenunua hana njia ya kuwatofautisha. Hata maganda ya mayai, ambayo nayo yana kalsiamu, nayaogopa, kwa kuwa kuku wetu hudonoa vumbi hilo hilo uani.

Sheria ya madini ya Machi 2018 inalipa jimbo asilimia 25 ya mrabaha wa madini. Kwa pesa hizo, kupeleka mafungu ya samaki kwenye maabara ya Lubumbashi si mzigo. Kalsiamu kaboneti si dawa ghali. Iwepo katika vituo vya zoni za afya za Dilala na Manika, na kadi ya mtoto iwe na mstari wa kuuliza vyakula vinavyomdhuru.

Mheshimiwa, anza na samaki. Wapimwe, na majibu yabandikwe sokoni na kwenye vituo vya afya, kwa Kiswahili, yakitaja kila ziwa kwa jina lake.

Mama wa Manika, Kolwezi