HABARI ZA MTO ZISEMWE ZOTE

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Nataka kutoa maoni yangu juu ya jambo ambalo wengine huenda wakaliona dogo, lakini kwetu sisi tuliozaliwa kando ya mto si dogo hata kidogo.

Katika mdahalo wa muhula uliopita tulibishana juu ya hoja isemayo kwamba mvuvi mwenye siri hushinda mvuvi mwenye maneno. Wenzangu watakumbuka kwamba ukumbi ulijaa kelele, na waliounga mkono hoja ile walishinda kwa kura nyingi. Mimi siku ile sikusimama kusema neno. Sikunyamaza kwa kukosa la kusema. Nilinyamaza kwa sababu pande zote mbili zilikuwa zikisema habari zangu bila kujua. Leo nataka kusema yale niliyoyanyamazia.

Nyumbani kwetu ni katika bonde la Kilombero. Mto huu unapita kati ya milima ya Udzungwa na nyanda za Mahenge, na ukikutana na Luwegu unakuwa mto Rufiji. Bonde letu ni mbuga kubwa sana, na tangu mwaka 2002 limo katika orodha ya Ramsar ya maeneo ya majimaji yanayotunzwa duniani, ukubwa wake ukiwa karibu hekta 800,000. Babu yangu ni Mndamba, mvuvi wa tangu utoto wake. Mama yangu hununua samaki wabichi, huwabanika kwa moshi, kisha huwapeleka Ifakara kuuza. Sare yangu, viatu vyangu na godoro ninalolalia hapa bwenini vyote vimetoka katika kambale na perege wa mto ule. Kwa hiyo ninapoandika juu ya samaki sisemi habari za mchezo.

Msomaji asiyeujua mto yafaa aelezwe kwanza jinsi samaki wanavyokwenda. Samaki wa mtoni hakai mahali pamoja kama muhogo shambani. Mvua zikianza mwezi wa Novemba au Desemba, maji hupanda, huvuka kingo na kuenea mbugani. Hapo kambale na perege huufuata ule mfuriko, huingia katika nyasi zilizofunikwa na maji, na huko hutaga mayai na watoto wao hupata chakula na maficho. Mvua zikikatika mwezi wa Mei, maji huanza kurudi, na samaki nao hurudi mtoni kwa kupitia mifereji myembamba. Wengine huchelewa wakabaki katika mabwawa mpaka mvua za mwaka wa pili. Basi aliyejua jana mahali penye samaki, leo huenda hajui tena. Ndiyo maana habari ina thamani mtoni kuliko hata wavu mpya.

Sasa swali ni hili: mtu akijua mahali penye samaki, awaambie wenziwe au anyamaze?

Wazee wetu wengi hunyamaza, na babu yangu ni mmoja wao. Akirudi na mtumbwi uliojaa, ukimwuliza amevua wapi, atakujibu, "Mtoni." Siwezi kumlaumu upesi. Alilea watoto wake wote kwa kujua mahali ambapo wengine hawakupajua, na migono yake iliwahi kuibwa mara nyingi na watu waliomfuata nyuma. Lakini ukimya nao una madhara yake, nami niliyaona kwa macho yangu.

Mwaka 2021, nilipokuwa Darasa la Saba, babu alitega migono yake katika kona moja ya mto ambapo maji yalikuwa yamechimba mkondo mpya. Katika kona hiyo alikaa kiboko jike mwenye ndama. Babu alimjua, naye alipita mbali naye kila asubuhi. Hakumwambia mtu, maana kumtaja kiboko kungekuwa kuitaja ile kona, na kuitaja kona kungekuwa kuitaja migono yake. Jioni moja jirani yetu alipita pale na pondo lake, peke yake, akiwahi nyumbani. Kiboko aliupindua mtumbwi. Jirani yule aliokolewa na vijana waliosikia ukelele, lakini mguu wake ulivunjika mahali pawili, na mpaka leo hatembei ila kwa fimbo. Hajapanda mtumbwi tena. Babu alimpelekea samaki kila juma kwa muda wa miezi mingi, wala hakusema ni kwa nini. Sisi nyumbani tulijua.

Basi mtu atasema, kumbe wenye kusema ndio wenye haki. Nami nilidhani hivyo, nikajifanya msemaji.

Mwaka 2024, katika likizo ya Juni, babu alinichukua mpaka kwenye bwawa moja ambalo zamani lilikuwa sehemu ya mto, kisha mto ukaliacha na kushika njia nyingine. Wakati wa mafuriko bwawa hilo huungana na mto, na maji yakishuka hufungwa peke yake. Lilikuwa limejaa perege wakubwa, hata ukitupa ndoana huna haja ya kungoja. Babu alivua wachache tu, akaniambia tuondoke. Niliona ni ajabu mtu kuacha chakula namna ile. Kesho yake nilikwenda sokoni, nikawaambia rafiki zangu watatu, nikamwonyesha mmoja wao picha niliyoipiga kwa simu ya mjomba. Naye akaomba nimtumie. Picha ile ikapita simu hata simu, na baada ya siku nne bwawa lilikuwa na watu kama mnada.

Walikuja na vyandarua vya kuzuia mbu wakavitumia kama makokoro. Mmoja alitwanga utupa akaumwaga upande wa juu, ingawa Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inakataza kabisa kuvua kwa sumu. Samaki wakubwa walichukuliwa. Wale wadogo, wasiofika urefu wa kidole, walibaki ukingoni wakikauka juani, maelfu yao. Babu alipofika nami alitazama kwa muda, akageuza mtumbwi, akanipa pondo mimi nisukume. Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza.

Miezi ile mama hakupata samaki wa kubanika karibu na kwetu, ikambidi anunue mbali kwa bei kubwa. Nauli yangu ya kurudi shuleni ilichelewa, nikafika juma zima baada ya wenzangu, nikapewa adhabu ya kufyeka. Nilipoulizwa sababu nilisema kwamba nyumbani kulikuwa na shida. Sikusema kwamba shida ile niliileta mimi.

Nimefikiri sana juu ya mambo haya mawili, na nimeona kwamba kosa la babu na kosa langu ni ndugu. Babu hakusema neno. Mimi nilisema nusu. Niliwaambia watu samaki wako wapi, lakini sikuwaambia kwa nini babu aliwaacha: kwamba bwawa lile ni ghala la mbegu, na kwamba samaki wake wangetoka kwenda kutaga mbugani mvua zitakapokuja. Sikuwaambia kwa sababu mimi mwenyewe sikumwuliza babu. Habari nusu ni hatari kuliko ukimya, maana hukimbia upesi na hakuna mtu wa kuirudisha.

Muhula huu mwalimu wetu wa Biolojia alitueleza habari za samaki mmoja wa Marekani ya Kaskazini aitwaye wolai. Ni samaki mwenye macho makubwa yanayong'aa gizani, aonaye vyema katika maji ya matope. Kila mwaka, mwezi wa Machi na Aprili, wakati baridi inapopungua, wolai wengi mno huondoka Ziwa Erie wakapanda mto Maumee katika jimbo la Ohio ili wakatage kwenye changarawe. Wavuvi husimama mtoni, maji yakiwafika viunoni. Lililonivutia mimi ni hili: watu wale hupeana habari za mto kila siku. Husema kina cha maji ni kiasi gani, yana baridi kiasi gani, ni maangavu au ni ya matope, na samaki wamefika wapi. Lakini pamoja na habari hizo kila mtu hujua na amri zake. Katika miezi hiyo ya kutaga ni marufuku kuvua usiku pale. Samaki aliyenaswa na ndoana mgongoni au tumboni, si mdomoni, hana budi arudishwe majini mara moja. Tena iko hesabu ya samaki ambayo mtu mmoja haruhusiwi kuizidi kwa siku. Habari na amri hutembea pamoja kama macho mawili.

Najua mtu atanijibu kwamba wale huvua kwa kujifurahisha, nasi twavua kwa njaa, na mwenye njaa hahesabu. Jibu langu ni kwamba hiyo ndiyo sababu ya sisi kuhesabu zaidi. Mtu wa Ohio akikosa samaki atakwenda dukani. Mama yangu akikosa samaki, mimi nakosa nauli.

Kwa hiyo nasema hivi. Katika kila mwalo uwekwe ubao, na kila asubuhi uandikwe na mtu wa kikundi cha wavuvi kinacholinda mto. Kwanza, maji yamepanda au yameshuka, kwa kutazama mti uliotiwa alama. Pili, mahali walipoonekana viboko na mamba. Tatu, samaki gani wanapatikana na kwa mtego gani. Nne, mabwawa na mifereji ambayo haivuliwi sasa, na sababu yake. Tano, bei ya samaki Ifakara siku hiyo, ili kina mama wasidanganywe na wachuuzi. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari, na mto wetu ni mali isiyo na daftari.

Wazee wakiogopa kwamba siri zao zitaibwa, nasema hakuna haja ya kuandika mtego wa mtu uko wapi. Mgono ni mali ya aliyeusuka. Lakini kiboko si mali ya mtu, na maji yanayojaa si mali ya mtu, wala mayai ya kambale mbugani si mali ya mtu mmoja. Hayo yasemwe.

Na sisi wanafunzi tuna kazi yetu. Tunarudi nyumbani kila likizo tukijua kusoma, kuandika na kupima, kisha twakaa barazani kutazama picha katika simu za watu. Yafaa tuwaulize wazee wetu maswali ambayo mimi sikuuliza, tuyaandike majibu yao kabla hawajaondoka nayo.

Likizo ya Desemba iliyopita nilijaribu. Mwenyekiti wa kijiji alinipa kipande cha ubao uliovunjika wa shule ya msingi, nikautundika chini ya mwembe pale mwaloni, nikaandika kwa chaki: "Maji yamepanda shubiri mbili tangu Jumapili. Kambale wameanza kuingia mbugani kutaga. Tafadhali tusizibe mifereji kwa nyavu." Wengine walicheka. Mmoja aliniuliza kama nimekuwa bwana samaki. Wawili waliondoa nyavu zao mferejini, na watatu hawakuziondoa. Sitaki kudanganya kwamba kijiji kizima kilibadilika kwa siku moja.

Siku ya tatu babu alikuja. Hajui kusoma, basi aliniambia nimsomee. Nikamsomea yote mpaka mwisho. Alikaa kimya kwa muda akitazama maji, kisha akasema, "Ongeza. Kiboko yuko kwenye kona ya mikuyu, ana ndama. Watu wapite upande wa pili."

Nikaandika.

Hayo ndiyo maoni yangu. Mwenye hoja nyingine na aiandike katika toleo lijalo, nami nitaisoma kwa furaha. Lakini mdahalo wa namna hii ukiletwa tena ukumbini, safari hii nitasimama.