HESABU YA UMEME IULIZWE MASWALI YOTE

Ndugu zetu wa Unguja hawana haja ya kufundishwa thamani ya umeme. Tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010 walikosa umeme wa Bara kwa muda wa miezi mitatu, kwa sababu ya hitilafu katika njia moja tu, ile iliyopitishwa chini ya bahari mwaka 1980 kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Hata maji ya bomba yakawa adimu. Pemba nayo, tangu 2010, hupata umeme kutoka Tanga, mkoa wetu. Kwa hiyo tunayoyasema leo juu ya Mombo yawahusu wao pia.

Siku hizi wataalamu hupanga umeme kwa kompyuta. Hutia humo picha za setelaiti, mapaa ya nyumba, barabara na nguzo zilizopo, kisha hutafuta gharama iliyo ndogo kabisa: kuvuta waya wa gridi, kujenga mtambo mdogo wa kijiji, au kuweka paneli za jua nyumba kwa nyumba. Utaratibu huu twauunga mkono kwa dhati. Ni afadhali kuliko transfoma kufuata mlango wa mwenye sauti kubwa, jambo ambalo wengi wetu tumeliona, na baadhi yetu, tukubali, tumelinyamazia.

Lakini hesabu hujibu lile iliyoulizwa. Kutoka angani, paa la ghala la mpunga na paa la kiwanda cha mbao ni bati tu. Chini ya moja yatosha taa, chini ya jingine zahitajika mota. Kutoka Mombo hadi Soni ramani huonyesha hatua chache. Fundi mwenye nguzo hukutana na ukuta wa Usambara. Tena gharama ndogo kabisa aghalabu huchagua njia moja, bila ya akiba. Bei ya giza isipotiwa katika hesabu, hulipwa baadaye na mwananchi. Unguja iliongezewa njia ya pili mwaka 2013, baada ya kuilipa.

Takwimu hazikosekani. Zanzibar ilianza kupigwa picha kwa ndege zisizo na rubani mwaka 2016, na Sensa ya 2022 ilihesabu majengo nchi nzima. Twawaomba watendaji wa Serikali wazitundike ramani hizo katika ofisi ya kata kabla ya zabuni kutangazwa, pamoja na kiasi cha umeme kilichokadiriwa kwa kila mtaa, ili mwenye mashine ya kusaga aje aseme kama yake imehesabiwa.