Kabla ya kubadili intaneti ao televizheni nyumbani, familia ihesabu mwaka mzima

Mbele ya maduka ya simu na ya dekoda, kuanzia Bunia hadi Uvira, namba inayoandikwa kwa herufi kubwa ni moja: bei ya mwezi. Ndiyo inayomfanya mkaaji aache kampuni yake ya zamani na kukimbilia nyingine. Lakini kwa nyumba nyingi za mashariki ya Kongo, namba hiyo inaficha mengi kuliko inayoonyesha. Feza zinazotoka mfukoni zinakwenda pia kwa vifaa, kwa fundi, kwa umeme, kwa komisyo ya kutuma makuta kwa simu, na kwa siku ambazo huduma ilikuwa imelipwa lakini haikufanya kazi.

Ni kweli kwamba leo kuna njia nyingi kuliko zamani. Tarehe 2 Mei 2025, ARPTC, mamlaka ya taifa inayosimamia posta na mawasiliano, ilitangaza kwamba Starlink imepata leseni ya kufanya kazi nchini, wakati mwaka mmoja mbele ya hapo mamlaka hiyo hiyo ilikuwa inakataza matumizi yake. Vodacom, Airtel na Orange zinauza intaneti ya 4G ambayo mtu anaweza kuitia katika modemu ya nyumbani. Kwa upande wa televizheni, wakaaji wanajua Canal+, StarTimes na DStv. Hapa tu kuna jambo ambalo wateja wengi hawalifikirii: tangu Septemba 2025, Canal+ ndiyo mwenye MultiChoice, kampuni ya DStv. Majina ni mawili, mwenye mali ni mmoja. Anayesema ataacha moja ili aadhibishe nyingine, haadhibishi mtu.

Tuseme kuna huduma mbili za intaneti; namba hizi ni za mfano tu, si bei ya kampuni yoyote. Ya kwanza inaomba dola 300 za vifaa na dola 40 kila mwezi. Ya pili inaomba modemu ya dola 40 na dola 55 kila mwezi. Kwenye tangazo, ya kwanza inashinda kwa dola 15. Kwa mwaka wa kwanza, lakini, ya kwanza inakula dola 780 na ya pili dola 700. Tofauti ya vifaa ni dola 260. Ukiigawanya kwa dola 15 unapata miezi 17 na kitu. Ni katika mwezi wa 18 ndipo huduma ya "bei rahisi" inaanza kuwa rahisi kweli.

Miezi 18 ni muda mrefu sana mashariki. Tangu Goma ilipoangukia mikononi mwa AFC/M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari, familia nyingi zimehama, zimerudi, zimehama tena. Wengine ni wapangaji ambao mwenye nyumba anaweza kuwaambia watoke baada ya miezi mitatu. Modemu ndogo inaingia ndani ya mfuko na inafanya kazi popote palipo na mtandao wa simu. Antene ya satelaiti iliyofungwa juu ya bati ya mtu mwingine inahitaji fundi ili ishuke, na wakati wa kukimbia hakuna anayepanda juu ya nyumba. Kwa familia ambayo haijui itakuwa wapi mwaka ujao, kulipa zaidi kidogo kila mwezi ili isifunge mtaji mkubwa ndani ya vifaa si ujinga. Kwa shule, kituo cha afya ao duka ambalo halihami, hesabu inageuka, na pale antene inaweza kuwa na faida kubwa.

Halafu kuna umeme, na hapa ndipo watu wengi wanajuta. Modemu ya 4G inakula karibu wati 10 ao chini yake. Antene ya kawaida ya Starlink inakula kati ya wati 50 na 100 ikiwa kazini. Ile ndogo inayoitwa Mini inakula karibu nusu ya hapo. Antene ya wati 60 ikiachwa usiku na mchana inamaliza karibu kilowati-saa 1.4 kwa siku. Mwenye batri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 100, ambayo haifai kutumiwa zaidi ya nusu ili isife mapema, ana wati-saa 600 tu za kutumia. Modemu itaishi juu ya batri hiyo siku mbili. Antene ya wati 60 itazimika baada ya saa kumi ao chini yake, kama hakuna taa wala televizheni iliyowashwa pembeni. Katika mitaa ambayo umeme unakuja saa chache kwa siku, ao ambayo haujawahi kufika, kununua antene bila kununua sola ya kutosha ni kununua sahani ya kuning'iniza juu ya nyumba. Bei ya sola inapaswa kuingia ndani ya hesabu ya intaneti, hata kama muuzaji wa intaneti haitaji.

Wengine wanataka kuacha dekoda kabisa na kutazama kila kitu kwa intaneti. Wazo si baya, lakini lina bei. Netflix yenyewe inaandika kwamba saa moja ya video ya kawaida inaweza kula hadi giga 1, na ile ya picha safi hadi giga 3. Nyumba inayowasha televizheni saa mbili kila usiku inafika giga 60 kwa mwezi kwa picha ya kawaida, na giga 180 kwa picha safi, mbele hata mtoto hajafungua simu yake. Kwa mwenye kununua mega kwa siku ao kwa juma, mechi moja tu ya mpira inaweza kumaliza forfe yote kabla ya mapumziko. Dekoda ya satelaiti haihesabu giga: itazame saa moja ao saa kumi, bei ni ile ile. Ndiyo maana kwa nyumba yenye watazamaji wengi na intaneti ya kupimiwa, dekoda bado ni rahisi, hata kama imeonekana kuwa kitu cha zamani. Mwenye intaneti isiyopimwa ndiye pekee anayeweza kufikiri kuiacha, na yeye pia aangalie kwanza kama mechi anazopenda zinaonyeshwa kihalali kwa intaneti katika nchi hii.

Neno "bila kikomo" nalo lisomwe mpaka chini ya karatasi. Mara nyingi lina maana kwamba baada ya giga fulani mwendo unapunguzwa, wakati mwingine mpaka WhatsApp peke yake ndiyo inatembea. Si uongo kamili, lakini si ukweli ambao mteja alifikiri ananunua. Ni hivyo pia kwa mwendo wenyewe. Kampuni zinaupima kwa megabiti, huku faili za simu zinapimwa kwa megabaiti, ambazo mafundi wa Kifaransa wanaita mega-okteti. Biti nane ni baiti moja. Anayeahidiwa megabiti 10 kwa sekunde atapata, siku ikiwa nzuri, faili ya megabaiti 1.25 kwa sekunde. Na siku nzuri ni ile ambayo majirani wamelala: mnara wa simu unagawanya nguvu yake kwa watu wote wanaoutumia, kwa hiyo modemu iliyojaribiwa dukani saa nne asubuhi haisemi lolote juu ya saa mbili usiku.

Mahali penyewe pana neno la kusema. Antene ya Starlink inataka anga wazi. Mti mmoja wa avoka upande usiofaa unatosha kukata simu ya video kila dakika chache. Mvua kubwa inapunguza nguvu ya satelaiti zote, ya intaneti na ya televizheni. Na radi si hadithi: uchunguzi wa satelaiti uliotangazwa mwaka 2016 uliweka Kabare, karibu na Bukavu, kuwa mahali pa kwanza Afrika na pa pili ulimwenguni kwa wingi wa radi. Waya wa ardhini na kifaa cha kuzuia umeme wa ghafla vina bei ndogo mbele ya antene iliyoungua. Fundi asiyevitaja anapaswa kuulizwa kwa nini.

Karibu na mipaka, huko Goma, Bukavu na Uvira, wapo wanaotumia kadi za simu za Rwanda ao Burundi kwa sababu mnara wa ng'ambo unafika hadi nyumbani. Wapo pia wanaonunua antene ya Starlink iliyosajiliwa nchi jirani. Inaweza kufanya kazi kwa muda, lakini akaunti ni ya nchi ile: bei ni ya kule, sheria ni za kule, na kampuni inaweza kuikata ikiona kwamba haihami tena kutoka mahali ilipo. Anayeuziwa antene ya namna hiyo mkononi ahakikishe kwamba mwenye kwanza ameiondoa kwenye akaunti yake mbele ya feza kutolewa. Bila hivyo amenunua plastiki.

Kulipa pia ni sehemu ya huduma. Januari 2025 benki za Goma zilifungwa, na wakaaji wakaishi kwa M-Pesa, Airtel Money na Orange Money, pamoja na komisyo ambazo mawakala waliongeza kwa sababu makuta ya mkononi yalikuwa adimu. Huduma inayolipwa kwa kadi ya benki tu, hata ikiwa nzuri sana, inaweza kuzimika kwa sababu hakuna njia ya kuilipa. Kuna wanaomtumia ndugu wa Kampala ao wa Kinshasa ili awalipie. Siku ndugu huyo akiwa safarini, nyumba inabaki kimya. Bei ikiwa kwa dola na mshahara kwa franka, familia ijue pia kwamba bei yake inaweza kupanda bila kampuni kubadili hata senti.

Kugawana na majirani ndiyo njia inayopunguza bei kuliko zote, na katika mitaa mingi watu tayari wanaifanya. Mikataba mingi ya nyumbani, hata hivyo, inakataza kuuza huduma tena, na anayefungua wifi ya kulipisha bila ruhusa anajiweka hatarini peke yake, huku majirani wote wakifaidika. Ikiwa nyumba tatu zinagawana, yafaa waandike mbele nani analipa lini, nani anashika neno la siri, na vifaa ni vya nani mmoja wao akihama. Urafiki wa ujirani umevunjika kwa mambo madogo kuliko hayo.

Kwa mwenye kuamua kubadili, ipo njia isiyo na hatari kubwa. Aazime kadi ya simu ya kampuni anayoifikiria, aitie ndani ya simu yake, akae nayo nyumbani usiku kuanzia saa moja hadi saa nne, siku kadhaa, moja yao ikiwa ya mvua. Kama ni antene, jirani wa mtaa huo huo ndiye shahidi bora kuliko muuzaji. Asikate huduma ya zamani mpaka ile mpya imemaliza mwezi mzima ndani ya nyumba. Namba ya simu iliyofungwa na M-Pesa ao Airtel Money isitupwe kamwe pamoja na modemu. Feza na hati nyingi zinapitia pale. Na dekoda ya kampuni moja kwa kawaida haifungui chaneli za nyingine, kwa hiyo ile inayouzwa kwa nusu bei wakati Léopards wanacheza ni punguzo kwa yule tu atakayebaki na kampuni hiyo.

Lakini si haki kumwachia mteja kazi hii yote. Muuzaji anajua kikomo cha giga ni ngapi, anajua fundi atakuja baada ya siku ngapi, anajua antene inakula wati ngapi. Anayanyamazia kwa sababu hakuna anayemlazimisha kuyasema. Sheria ya mawasiliano ya tarehe 25 Novemba 2020 iko, na ARPTC ndiyo yenye kazi ya kuifanya iheshimiwe. Mkaaji wa Goma ao wa Bukavu leo hana ofisi ya ARPTC ambayo anaweza kupeleka malalamiko na kutumaini jibu, lakini makampuni yanayokusanya feza zake kila mwezi yana makao Kinshasa, na huko mamlaka inaweza kuyafikia. Iyadai karatasi moja kwa kila huduma, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, inayobandikwa ukutani dukani: bei kwa franka na kwa dola pamoja na vifaa, kikomo cha giga na mwendo baada ya kikomo, wati zinazohitajiwa, siku za kusubiri fundi, na namna siku zilizopotea zinavyorudishwa. Na vipimo vya mwendo vitangazwe mji kwa mji, Butembo na Kalemie pamoja na Gombe.