Ahimsa ianze na goti lako
Makala yako kuhusu yoga ni nzuri, ila ahimsa, yaani kutodhuru, umeipitia mbiombio. Katika Yoga Sutra za Patanjali, kutodhuru ndiko kunakotangulia kwenye orodha ya yama (kanuni za kujizuia), kabla hata mkao haujafafanuliwa. Na mikao yenyewe imepewa sutra chache mno, ikitakiwa tu iwe thabiti na yenye raha. Sasa ingia darasani: mtu analazimisha goti likunjike kwa padmasana (mkao wa yungiyungi), ameuma meno, eti kwa sababu jirani yake ameweza! Mwalimu wetu husema pumzi ikianza kukatika, legeza, rudi nyuma kidogo. Kwangu mimi hilo linafundisha zaidi kuliko hotuba ndefu juu ya samadhi (kuzama kabisa katika kutafakari), inayotolewa hata kabla hatujapasha misuli moto.