Sajili beki kwanza, straika baadaye

Kijana akinunua Golf GTI ya kizazi cha tano, siku ya kwanza tu anakimbilia kubadilishiwa programu ya injini. Sawa, turbo yake ya lita 2.0 ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 200, na programu inaziongeza. Lakini huko ni kusajili straika wakati beki inavuja kila mechi! Shuka Kitonga na pedi za bei chee na mafuta ya breki yaliyochakaa, utanikumbuka. Breki zikichemka, pedali inazama, na pale hakuna refa wa kupuliza filimbi. Pesa ya kwanza iende kwenye tairi, pedi na mafuta mapya ya breki. Ya pili, plagi na sevisi. Spidi haikimbii ndugu yangu, utaiongeza ukiwa hai.