NI TAMU, LAKINI NI KALI



Kijana wa hapa Ndabibi aliniambia, "Pasta, nilionja tu. Bia nyeusi, tamu kama chokoleti. Huwezi jua ni pombe." Hiyo ilikuwa mwaka jana. Leo halali bila kunywa.

Mtego uko hapo. Bia ya kawaida ina kama asilimia 4 au 5 ya kileo. Hizi nyeusi kali zinazotiwa kahawa, vanila na chokoleti hufika 9, hata 10 na zaidi. Uchungu ungekuonya, utamu unalinyamazisha onyo. Soma Mithali 23:31-32 uone kinachoteleza kooni humalizia wapi.

Mwaka 2010, John Mututho, aliyekuwa mbunge wetu wa Naivasha, alituletea sheria ya saa za baa. Sheria hufunga mlango wa baa, haifungi tamaa.

Nasi kanisa tutubu. Tunakemea chang'aa ya maskini, lakini chupa ya bei ghali tunainyamazia.

Kijana, kama ulionja na sasa huwezi kuacha, usijifiche. Njoo tuombe, tutembee pamoja. Hakuna atakayekufukuza.

Ukiamini kuna kufunguliwa, andika AMINA. Barikiwa.