Kukatiza si Kukatisha: Maoni Kuhusu Istilahi za Mawasiliano ya Maikrokontrola

1.0 Utangulizi

Dai kwamba Kiswahili hakina maneno ya kutosha kuelezea sayansi na teknolojia limejibiwa mara nyingi na wanaisimu, na jibu limekuwa lile lile: lugha yoyote yaweza kuundiwa istilahi. Jibu hilo ni sahihi, lakini halitoshi. Suala linalostahili kutushughulisha ni nani anayeunda istilahi hizo, na anatazama nini anapoziunda. Kwa maoni yetu, sehemu kubwa ya udhaifu wa istilahi zetu hutokana na mazoea ya kutafsiri neno la Kiingereza badala ya kukitaja kitu chenyewe.

Ili hoja hii isibaki hewani, tumechagua uwanja mmoja mwembamba: namna maikrokontrola inavyopokea data kwa njia ya ukatizo, chini ya mfumo endeshi unaogawa muda baina ya kazi mbalimbali. Uwanja huu una faida mbili kwa mwanaisimu. Kwanza, utendaji wake unajulikana hatua kwa hatua, hivyo istilahi yaweza kupimwa kama inasema kweli au la. Pili, msamiati wake wa Kiingereza umejaa sitiari, na sitiari ndizo zinazompoteza mfasiri.

2.0 Kitu Chenyewe

Maikrokontrola ni kompyuta nzima iliyowekwa katika kipande kimoja cha silikoni: kichakataji, kumbukumbu, na milango ya kupokelea na kutolea ishara. Tuchukue mfano wa ATmega328P, ambayo wanafunzi wengi huifahamu kupitia bodi ya Arduino Uno. Ina kilobaiti 32 za kuhifadhia programu, kilobaiti 2 tu za kumbukumbu ya kazi, na katika bodi hiyo huenda kwa mapigo milioni 16 kwa sekunde.

Sehemu yake ya mawasiliano hupokea data kwa mfuatano, yaani biti moja nyuma ya nyingine katika waya mmoja. Istilahi hii haina utata, kwa sababu kinyume chake, sambamba, tayari kinajulikana katika hisabati za shule. Katika mpangilio uliozoeleka, kila herufi huchukua biti 10: moja ya kuanzia, 8 za data, na moja ya kumalizia. Kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde, herufi 960 hufika kila sekunde, yaani moja kwa kila milisekunde 1.04 hivi. Katika muda huo kichakataji hupata mapigo yapatayo 16,667. Huo ni muda mrefu mno kwake kukaa bure akisubiri herufi moja, lakini ni mfupi kwa aliyejisahau kwingine. Sehemu ya kupokelea ina nafasi ya herufi mbili tu zilizokamilika, huku ya tatu ikiendelea kuingia. Zisipochukuliwa kwa wakati, zinazofuata hupotea.

Zipo njia mbili za kuzipokea. Katika njia ya kwanza, programu hutazama rejista ya hali tena na tena ili kujua kama herufi imefika. Katika njia ya pili, programu huendelea na shughuli nyingine. Herufi inapofika, sehemu ya mawasiliano hutoa ishara. Kichakataji humaliza amri iliyo mkononi, huhifadhi anwani ya amri ifuatayo, hutekeleza programu fupi ya mwitiko, kisha hurudi pale pale kilipoachia. Programu ya mwitiko haifanyi kazi kubwa. Huichukua herufi, huitia katika foleni, na kuondoka. Kazi iliyokuwa imelala ikiingojea foleni hiyo huamshwa na mfumo endeshi, mathalani FreeRTOS, nayo ndiyo inayoisoma herufi na kuamua maana yake. Programu ya mwitiko hairuhusiwi kusubiri chochote, hata foleni ikiwa imejaa, kwa kuwa ikisubiri itakuwa imemzuia yule yule ambaye angekuja kuipunguza.

3.0 Kuchungulia, Kukatiza na Kukatisha

Njia ya kwanza kwa Kiingereza huitwa kwa neno ambalo pia lina maana ya kupiga kura. Mfasiri anayefungua kamusi bila kuijua maikrokontrola ataandika upigaji kura, na mwanafunzi atatafuta mgombea asimpate. Aliyekwisha kuona jambo lenyewe hahangaiki. Mtu aliyebandika maziwa jikoni akawa anafunua sufuria kila mara hapigi kura, anachungulia. Kuchungulia ni kitenzi hai, kinaeleweka, na kinabeba hata gharama ya njia hiyo: anayechungulia hafanyi jambo jingine la maana.

Kuhusu njia ya pili, vitenzi vinavyoshindana ni kuvuruga, kuingilia, kudakiza, kukatisha na kukatiza. Kuvuruga hakufai hata kidogo, kwani kilichovurugwa hakirudi kama kilivyokuwa, ilhali hapa sharti la kwanza ni kwamba kazi iliyosimamishwa irudi bila kujua kuwa iliwahi kusimamishwa. Kuingilia kumekwisha kubeba maana nyingi mno, zikiwemo za siasa na faragha. Kudakiza kunakaribia, lakini mdakizaji humnyang'anya msemaji maneno kinywani; ishara ya sehemu ya mawasiliano hainyang'anyi neno la mtu.

Ubishi wenyewe uko baina ya kukatisha na kukatiza. Kwa umbo, vyote viwili vimenyambuliwa kutokana na kitenzi kata kwa viambishi vya usababishi, lakini matumizi yameelekea kuvitenga. Aliyekatisha masomo hategemewi darasani kesho. Aliyekatizwa katika mazungumzo hutarajiwa kuendelea pale alipofikia. Mipaka hiyo si ya chuma, na wapo wanaovichanganya katika usemi wa kila siku. Lakini hapo ndipo wajibu wa mwanaistilahi ulipo: kuchukua tofauti ambayo lugha imeianzisha na kuikaza. Kazi iliyokatizwa itarudi. Kazi iliyokatishwa imefutwa. Mfumo endeshi hufanya yote mawili, na mhandisi anahitaji maneno mawili.

Faida nyingine ya kukatiza ni kunyambulika kwake. Tunapata ukatizo, kukatizwa, na zaidi ya yote kauli ya kutendeka. Kauli hii ina kazi halisi. ATmega328P ni ya biti 8, kwa hiyo husoma namba ya biti 16 kwa mikupuo miwili. Tuseme hesabu ya herufi zilizopokewa imefika 255. Programu inaanza na baiti ya chini na kupata 255. Kabla haijasoma baiti ya juu, ukatizo unatokea na hesabu inaongezwa kuwa 256. Programu inaporudi, inasoma baiti ya juu na kupata 1. Jumla yake ni 511, namba ambayo haijawahi kuwapo. Hitilafu kama hiyo yaweza kutokea mara moja kwa wiki na kumkosesha fundi usingizi. Dawa yake ni kuuzuia ukatizo kwa muda wa amri hizo mbili, na mahali hapo pa programu Kiswahili kinaweza kupaita, bila kuazima chochote, sehemu isiyokatizika. Neno moja limeeleza hatari na kinga yake.

Wapo watakaopendekeza hodi. Mfano huo unavutia: anayebisha hodi humtoa mwenyeji katika shughuli yake bila kuiharibu, na mwenyeji aweza kuamua kutoitikia kwa muda. Tunaukubali kama mfano wa kufundishia. Kama istilahi haufai, kwa kuwa hodi ni kihisishi kisichonyambulika, na kwa kuwa upo ukatizo usiozuilika, ambao hauhitaji kuambiwa karibu.

4.0 Kuwahi na Kuazima

Mfumo endeshi wa aina tunayoizungumzia umezoeleka kuitwa mfumo wa wakati halisi. Tafsiri hii ni ya neno kwa neno, na haielezi kitu. Msomaji atauliza wakati usio halisi ni upi. Sifa ya mfumo huu ni kwamba kila jibu lina ukomo wa muda, na jibu sahihi lililochelewa huhesabiwa kuwa kosa. Kiswahili kina kitenzi kwa jambo hili hasa, nacho ni kuwahi. Tena kuwahi si kufanya haraka. Anayekwenda taratibu akiijua saa ya basi huwahi, na mwenye mbio asiyeijua huachwa. Tofauti hiyo ndiyo inayowasumbua wanafunzi wa fani hii, wanaodhani kuwa kichakataji chenye kasi zaidi kitaponya kila tatizo. Tunapendekeza mfumo endeshi wa kuwahi.

Mfano wa pili una uzito zaidi. Chombo cha Marekani, Mars Pathfinder, kilitua katika sayari ya Mirihi tarehe 4 Julai 1997, na baada ya siku chache kompyuta yake ikawa inajiwasha upya yenyewe. Ilikuja kugunduliwa kwamba kazi ya kipaumbele cha chini, iliyohusika na data za hali ya hewa, ilikuwa ikishika kufuli lililohitajiwa na kazi ya kipaumbele cha juu. Kazi za kipaumbele cha kati ziliikatiza ile ya chini kabla haijaachia kufuli, hivyo ya juu ikachelewa, na ulinzi wa mfumo ukawasha kompyuta upya. Wahandisi waliponya hitilafu hiyo kutoka duniani kwa kuwezesha utaratibu ambao mwenye kufuli hupewa kipaumbele cha yule anayemngoja, mpaka aliachie.

Kiingereza huuita utaratibu huo urithi. Je, nasi tuuite urithi wa kipaumbele? Kwa Mswahili, urithi huja baada ya mauti, na mrithi harudishi. Hapa mwenye mali yu hai, amesimama mlangoni akingoja, na alichokitoa kinarudi mara kufuli linapoachiwa. Huko si kurithi bali ni kuazima. Uazimaji wa kipaumbele ni istilahi iliyo sahihi kuliko asili yake. Hatuna sababu ya kuirithi kasoro ya lugha nyingine kwa kuwa tu imetutangulia.

5.0 Pingamizi la Utohozi

Yapo maoni kwamba njia salama ni kutohoa kila kitu, ili mhandisi wetu aelewane na wenzake duniani. Hatuyapuuzi. Biti, baiti, rejista na semafori zimetoholewa na zitabaki, kwani majina hayo hayana kitenzi cha Kiswahili cha kuyapokea. Foleni nayo ilikwisha kuzoeleka madukani na vituoni kabla ya kufika katika kompyuta, na ingekuwa ubishi mtupu kuitafutia mbadala. Lakini kutohoa kitenzi ni kukata mti pamoja na matawi yake, kwani nomino ngeni haitupi kutendwa wala kutendeka.

Isitoshe, historia ya fani yenyewe haiungi mkono woga huo. Mholanzi Edsger Dijkstra, aliyebuni semafori katika miaka ya 1960, aliziita operesheni zake mbili P na V kutokana na maneno ya Kiholanzi. Herufi hizo zimeingia katika vitabu vya Kiingereza na zimo mpaka leo. Aliyekielewa kitu alikitaja kwa lugha yake, na dunia ikamfuata.

6.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba istilahi mbaya si suala la ladha. Mwanafunzi aliyefundishwa urithi wa kipaumbele hatatarajia kipaumbele kirudi, na aliyefundishwa wakati halisi atanunua kasi pale alipohitaji mpango. Tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, istilahi ya teknolojia isipitishwe kabla mtu anayekijua kitu hajaeleza mbele ya kamati, kwa Kiswahili, hatua kwa hatua, kinavyofanya kazi. Mara nyingi istilahi itasikika katika maelezo yake mwenyewe. Pili, istilahi zipendekezwe kwa koo na si moja moja, ili kukatiza, kutokatizika na ukatizo usiozuilika vikubaliwe au vikataliwe pamoja.

Uzoefu wa kompyuta, ngamizi na tarakilishi umetufundisha kwamba ushindani wa majina huweza kudumu miaka mingi bila msomaji kuongeza ujuzi wowote. Idara za Kiswahili na za uhandisi katika vyuo vyetu hutenganishwa na hatua chache za miguu. Huo ndio umbali ambao istilahi zetu zinapaswa kuuvuka kwanza.